R Iliyodondoka

Kazi ya kuandika maneno yanayopita chini ya filamu hulipwa kwa dakika, si kwa jasho. Una mistari miwili, herufi 42 kila mstari, nafasi zikihesabiwa, na macho ya mtazamaji hayakusubiri. Nimeifanya kazi hii miaka sita. Nimetafsiri mapenzi, mapanga, mahubiri ya mazishini, hata mapishi ya Kikorea. Sijawahi kukwama siku nne kwa neno moja, ila mwaka jana.

Filamu yenyewe ni ya Kimarekani. Katika dakika ya 31 ndugu wawili weusi wanasimamishwa usiku barabarani. Polisi mzungu anamulika tochi usoni mwa yule mkubwa na kumwita neno moja, polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Wanaachiliwa. Katika dakika ya 35 wako ndani ya gari tena, mikono inatetemeka, hakuna anayeongea. Kisha yule mdogo anamgeukia kakake na kumwita neno lilelile. Wanacheka. Wanacheka mpaka yule mkubwa analaza kichwa kwenye usukani na ndipo unagundua kwamba hacheki tena.

Mimi niliandika «niga» dakika ya 31. Nikaandika «niga» dakika ya 35. Nikarudisha nyuma, nikatazama, na nikaona nimeiua filamu.

Nitaliandika neno lenyewe mara moja kwa ukamilifu, kwa sababu huwezi kujadili tahajia ya neno ulilolificha nyuma ya vinyota: nigger. Basi. Kuanzia hapa nitasema «lile la -er» na «lile la -a», maana polisi yule alilitamka na r mwishoni, na kijana yule alilitamka bila. Katika maandishi ya Kiingereza tofauti hiyo inaonekana wazi. Herufi mbili zinatoka, moja inaingia, na Wamarekani wengi watakuambia kwamba hayo sasa ni maneno mawili. La kwanza linaweza kukufukuzisha kazi. La pili limo katika nusu ya nyimbo ambazo mpwa wangu anazicheza kwenye kinyozi chake kule Umoja, chini ya picha ya Tupac iliyochorwa ukutani na fundi ambaye, nikiangalia ile pua, hakuwahi kumwona Tupac.

Swali langu lilikuwa la kikazi kabla halijawa la kimaadili. Je, kweli ni maneno mawili? Na kama ni moja, ile -a imefanya nini?

Chimbuko ni Kilatini, niger, yaani -eusi, rangi tu, kama unavyosema chungu cheusi. Wahispania na Wareno wakasema negro, Wafaransa nègre, na Waingereza wakalichukua kwa masikio yao na kuliandika walivyosikia. Katika kitabu cha John Smith kuhusu Virginia, kilichochapishwa mwaka wa 1624, Waafrika ishirini hivi walioshushwa huko mwaka wa 1619 wameitwa Negars. Usimhukumu kwa tahajia. Siku zile Mwingereza hata jina lake mwenyewe aliliandika namna mbili tatu; Shakespeare alikuwa mmoja wao. Dharau iliingia polepole, kama maji ndani ya mtumbwi, na kufikia karne ya 19 hakuna aliyeweza kusema hajui kwamba hilo ni tusi.

Wale watu wa 1619 walikuwa wametekwa Angola, katika nchi ya Ndongo, ambako watu husema Kimbundu. Hicho ni binamu wa Kiswahili. Silabi zake huishia kwa irabu kama zetu. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilisisimka, nikadhani nimepata jibu. Kumbe r ilidondoka kwa sababu Mbantu haipendi konsonanti mwisho wa neno! Ilikuwa hadithi nzuri. Ningeiuza popote.

Lakini ukweli ni mchafu zaidi. Wataalamu bado hubishana ni kiasi gani lugha za Kiafrika zilichangia, ila r ya mwishoni ilikuwa imeanza kudondoka kwa Waingereza wenyewe. Katika karne ya 18 watu wa London waliacha kuitamka baada ya irabu, na ndiyo maana hadi leo Mwingereza wa redioni husema «wota» na si «woter». Mtindo huo ukavuka bahari pamoja na vitambaa na samani. Miji ya pwani iliyofanya biashara na Uingereza ikaushika: Boston, New York, Charleston, mashamba makubwa ya Virginia. Tajiri mwenye watumwa mia, ameketi barazani kwake Charleston, aliitupa r yake sawasawa na mtumwa aliyemletea maji. Alipomwita, alimwita kwa lile la -a. Alipomuuza, alimuuza kwa lile la -a.

Hapa ndipo nilipoketi vizuri. Maana tumezoea kusikia kwamba tamko la -a ni la watu weusi, wamelitengeneza, wamelitoa sumu. Kama matamshi ndiyo yanayosafisha, basi bwana yule wa Charleston alikuwa ametakasika kabla yetu sote.

Kilichozigawanya herufi hizo kwanza hakikuwa mdomo. Kilikuwa kalamu. Waandishi weupe wa karne ya 19 walipotaka kumwandika mtu mweusi akizungumza, waliyavunja maneno yake. Joel Chandler Harris, mwanahabari wa Georgia, alijipatia jina kwa kitabu cha namna hiyo mwaka wa 1880, hadithi za sungura ambazo nyingine wewe na mimi tungezitambua kuwa ni za bibi zetu. Mtu mweusi kitabuni hukosa r, hukosa d, hukosa mwisho wa kila kitu. Bwana mweupe katika vitabu vya aina hiyo hupewa tahajia safi ya kamusi, hata pale ambapo midomo yao ilitoa sauti ileile. Wakati mwingine uharibifu ulikuwa wa macho tu. «Wuz» badala ya «was», «sez» badala ya «says»: hivyo ndivyo kila Mmarekani anavyotamka, profesa na mkata kuni. Ukiliandika hivyo kwa mmoja tu, humwambii msomaji jinsi mtu huyo anavyosema. Unamwambia amdharau. Mwaka wa 1925 msomi George Philip Krapp aliipa tabia hiyo jina, lahaja ya macho, na sijaona jina lililokaa vizuri zaidi.

Tusijifanye wageni. Kenya tunaijua lahaja ya macho. Fungua ukurasa wowote wa vichekesho: mlinzi wa langoni husema «rakini» na mbunge husema «lakini», ilhali wote wawili walizaliwa kijiji kimoja, wakanyonya lugha moja, na r na l huwapiga chenga sawasawa. Tunacheka. Mlinzi hajaulizwa.

Basi tahajia ya -a ilianza kama kejeli. Kisha ikatokea jambo ambalo halikupangwa na mtu yeyote. Katika karne ya 20 Wamarekani weupe walianza kuirudisha r. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ilishakuwa alama ya mtu wa hadhi. Kuna utafiti mmoja ninaoupenda mno: mwaka wa 1962 William Labov alizunguka maduka matatu makubwa ya New York, la matajiri, la watu wa kati na la maskini, akiuliza kwa wauzaji bidhaa ambayo alijua iko ghorofa ya nne, ili tu asikie wakitamka maneno mawili ya Kiingereza yenye r ndani. Kadiri duka lilivyokuwa la bei ghali ndivyo r zilivyosikika nyingi. Hivyo tu. R ilikuwa imepanda ngazi, na wale ambao hawakualikwa kupanda nayo, wengi wao weusi, walibaki na -a yao. Neno ambalo bwana na mtumwa walikuwa wakilitamka sawa likapasuka katikati. Sasa ukilisikia gizani unaweza kukisia, mara nyingi kwa usahihi, ni nani aliyelisema.

Ndipo watoto wa wale waliokejeliwa wakachukua kalamu. N.W.A. walipotoka Compton mwaka wa 1988, herufi ya kwanza ya jina lao ndilo hilo neno. Mwaka wa 1993 Tupac aliliweka kwenye jalada la albamu, kila herufi na nukta yake, akasema ni ufupisho wa maneno ya kujitukuza. Waliichukua tahajia ileile iliyobuniwa kuwacheka na wakaifanya mhuri. Sidhani kwamba waliliosha neno. Hakuna aliyetoka Compton akidhani polisi ameacha kulijua. Nadhani walilitia saini. Ile -a husema: anayeandika hapa ndiye aliyekuwa akiitwa hivi.

Wako wazee wao ambao hawakubali hata hilo. Mwezi wa Julai 2007 chama cha NAACP kilifanya mazishi ya neno hilo mjini Detroit, kwa msafara na jeneza na hotuba. Wale wazee hawakutenganisha -er na -a. Yote yaliingia kaburini. Siku chache baadaye redio zilikuwa zikilicheza kama kawaida. Marehemu hakukaa hata matanga.

Kabla ya kurudi kwenye filamu yangu, kuna matamshi mengine mawili ya Kimarekani ambayo yalinisaidia kuona vizuri. La kwanza ni «nigra». Kwa muda mrefu neno la heshima lilikuwa Negro, lenye N kubwa, na hiyo N ilipiganiwa: W. E. B. Du Bois na wenzake walidai kwa miaka mingi, na gazeti la New York Times likakubali mwaka wa 1930. Lakini wanasiasa wa Kusini, wakilazimika kulisema bungeni, waliifupisha irabu ya kwanza na kuimeza ya mwisho. Nigra. Wakiulizwa, walisema ni lafudhi tu, ndivyo tusemavyo nyumbani. Hata Lyndon Johnson, aliyetia saini Sheria ya Haki za Kiraia mwaka wa 1964, alikuwa nalo mdomoni. Na huenda kwa wengine ilikuwa lafudhi kweli. Ila msikilizaji mweusi alisikia mtu aliyesimama katikati ya mlango, mguu mmoja ndani ya neno la heshima, mwingine nje, tayari kutoka. Lafudhi ni maficho mazuri kwa sababu hakuna mahakama inayoweza kumshtaki mtu kwa ulimi aliozaliwa nao.

La pili ni kinyume chake, na linachekesha: «wypipo». Lilienea mitandaoni miaka kumi hivi iliyopita kutoka kwa vijana weusi wa Marekani, na ni «white people» tu, watu weupe, yameandikwa yanavyosikika. T ya kwanza humezwa na p inayofuata, l ya mwisho huyeyuka ikawa o. Hata mzungu wa Ohio akisema haraka hutoa sauti hiyohiyo karibu kabisa. (Na «pipo» ni tahajia ya kawaida kabisa kwa wasomaji wa Pijini ya Nigeria, wao hawaoni kichekesho chochote hapo.) Basi kwa nini wazungu wengi waliudhika? Kwa sababu ni lahaja ya macho, imegeuzwa bunduki ikawaelekea wao. Kwa mara ya kwanza wao ndio walioandikwa kama watu wasiojua kuzungumza, wao ndio kabila lenye matamshi ya ajabu. Miaka 150 tajiri wa barazani alipewa tahajia safi. Sasa wajukuu wa mlinzi wa langoni wakamwandikia «rakini» yake. Sikubali wanaosema kwamba ni ubaguzi uleule umegeuzwa. Hakuna aliyenyimwa nyumba au kupigwa risasi kwa kuitwa wypipo. Lakini sikatai pia kwamba lina mwiba. Lingekuwa halina, lisingechekesha.

Sasa filamu.

Nilimpigia mpwa wangu simu. Ana sikio kuliko mimi.

«Anko, si uandike tu ‹msee›.»

«Polisi amwite ‹msee›?»

«Ai, huyo mwandikie ‹nyani›. Wale mabro ndio wanaitana ‹msee›.»

«Lakini ni neno moja. Wanacheka kwa sababu ni neno moja.»

Akanyamaza kidogo. Mashine ya kunyoa ilikuwa ikinguruma. «Basi weka ‹niga› zote mbili. Si kila mtu anaelewa?»

Hapo ndipo tatizo langu lilipokuwa, na ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla hata ya kumjua Labov. Kiswahili hakina pa kuiweka ile r. Sisi tuliupata Uingereza wakati Uingereza umeshaitupa. Kila -er iliyoshuka Kilindini ilishuka ikiwa -a: dereva, spika, meneja, sweta, poda, bia, mita, lita, rula. Masikio yetu hayakuchagua. Hatukuwa na msimamo kuhusu dereva. Hivyo ukileta lile la -er kwa Kiswahili linakuwa «niga», na ukileta lile la -a linakuwa «niga», na ubishi wote wa Wamarekani, wa miaka na machozi, unaanguka kwenye ufa wa sakafu yetu kama senti.

Maana yake kimaadili, kwangu, ni hii. Kijana wa Umoja anaponiambia kwamba yeye hasemi tusi kwa sababu anasema lile la -a, hasemi kweli, ingawa hadanganyi. Yeye hana jingine. Angetaka kutukana angelitamka vivyo hivyo. -A ya kijana wa Compton ni saini. -A yetu ni ya dereva. Ni lafudhi tu, na nimeshasema lafudhi ni maficho ya namna gani.

Nilimwambia mpwa wangu hivyo, kwa maneno machache zaidi. Nilidhani nimemaliza.

«Sawa, Anko. Na yule polisi akinisimamisha Texas, ataniuliza mimi ni wa Compton ama Umoja?»

Nilikosa jibu la haraka, na sina uhakika kwamba ninalo la polepole. Amadou Diallo alikuwa mhamiaji kutoka Guinea, akiuza bidhaa ndogondogo kando ya barabara New York. Tarehe 4 Februari 1999 polisi wanne walimfyatulia risasi 41 mlangoni pa nyumba alimokuwa akiishi, Bronx. Alikuwa anatoa pochi. Hawakuuliza mababu zake walishukia bandari ipi. Kwa mtu anayelitamka neno lile na r, ngozi ya Conakry na ngozi ya Charleston ni moja. Je, anayeweza kuuawa kwa neno hana haki ya kulitia saini?

Kakake huyu mpwa wangu anasoma Ohio. Juma la kwanza alimsalimia mwenzake wa chumbani, kijana mweusi wa Alabama, kama wanavyosalimiana huku. Yule wa Alabama alicheka kwanza, kwa sababu lilitoka na i ndefu ya Kiswahili, «niiga», kama jina la mji. Kisha akaacha kucheka. Akamuuliza, bila ukali, nani alikufundisha hilo. Akajibu: sinema. Wakabaki marafiki, nasikia. Ila hajawahi kulirudia, na aliponisimulia alitazama viatu vyake.

Huo ndio upande ninaouegemea, kwa shida. Uwezekano wa kupigwa na neno unakupa haki ya kuliogopa na kulipinga. Kulifanyia mzaha ni jambo jingine. Mzaha huo umelipiwa na watu mahususi, majikoni mwao, kwa vizazi, na sisi tumeuokota ukiwa umeiva. Mpwa wangu hakubaliani nami. Anasema nimezeeka. Inawezekana.

Mwaka wa 1979 mchekeshaji Richard Pryor alikuja Kenya. Huyu hakuwa mtu wa kuliogopa neno. Albamu zake za 1974 na 1976 zilikuwa nalo kwenye jalada kwa herufi zote, na zote mbili zilishinda Grammy. Baadaye, katika onyesho lililotoka kama filamu mwaka wa 1982, alisimulia kwamba aliketi kwenye ukumbi wa hoteli huku akitazama watu wakipita, weusi wa kila aina, wakifanya kila kazi, na akaona kwamba hakuna hata mmoja kati yao ambaye ni kile anachoitwa kwa neno lile. Akagundua kwamba amekaa huku majuma matatu bila kulitamka. Akaapa hatalitumia tena.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi na kila mara koo hunikaza. Lakini sikuweza kuacha kuwawazia wale waliopita. Mpagazi. Karani. Kijana wa kumwaga chai. Walikuwa na jina lao la kudharauliwa, ila lilikuwa katika lugha ambayo mgeni wetu hakuijua. Waliitwa boi.

Babu yangu mzaa mama, tuliyemwita Guka, alikuwa boi kwa mzungu mmoja kule Njoro. Alikuwa na miaka zaidi ya arobaini, watoto watano na kipande, kile kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walianza kuvalishwa shingoni baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na binti wa yule mzungu, mwenye umri wa miaka saba, alimwita «boy» akitaka maziwa. Katika Marekani ya Kusini neno hilo lilifanya kazi ileile kwa wanaume wale wale: kumnyima mtu mzima utu uzima wake. Kiswahili kililichukua kwa sikio. Kikaiondoa y, kikatia i, kikalipa ngeli: boi, maboi, uboi. Likawa jina la kazi. Guka alilitamka bila uchungu wowote ambao mimi niliwahi kuusikia. Nilipokuwa boi, angesema, nilijua kupika jemu ya machungwa na kutia kola wanga. Alikuwa akijisifu.

Tahajia ililisafisha? Ningesema ndiyo, kama si mama yangu. Mama alikuwa mtoto wa pale jikoni na hasemi boi. Atasema mpishi, mfanyakazi, mtu wetu. Na ningesema ndiyo kama nisingekuwa na jirani ambaye juzi, ng'ambo ya ua, alimwambia mtu kwenye simu kwamba shamba boi wake siku hizi amekuwa mzee sana. Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimwagilia sukuma na sikushtuka, ilinijia usiku. Nami nimelitumia neno hilo maisha yangu yote, kwa wanaume wenye wajukuu.

Basi siku ya nne nilijaribu. Dakika ya 31 niliandika: «Wewe, boi.» Dakika ya 35: «Boi wangu.» Nikampelekea mpwa wangu kipande hicho kwenye simu. Akajibu kwamba iko sawa lakini haina moto, inakaa polisi anamwita mtu wa kuosha gari. Jioni nilimwonyesha Mama. Hasikii Kiingereza cha Wamarekani vizuri, kwa hivyo alisoma. Tochi ilipommulika yule kijana, na maneno yangu yakapita chini, Mama alirudisha kichwa nyuma kidogo, kama mtu aliyerushiwa kitu. Dakika nne baadaye, walipokuwa ndani ya gari, hakucheka. Alisema tu, «Ĩĩ.» Kisha akaniuliza huyo mkubwa ataishi hadi mwisho ama la, nisimfiche, kwa sababu dawa zake za presha ameshakunywa.

Niliituma kazi hivyo. Baada ya juma moja mkaguzi wa kampuni, mtu nisiyemjua aliye katika jiji nisilolijua, alirudisha faili ikiwa na alama nyekundu mbili. Alikuwa ameona kwamba neno langu halitoki kwenye orodha yao ya istilahi. Na alitaka kujua kama neno la dakika ya 31 na la dakika ya 35 ni moja au ni mawili, kwa maana kwenye muswada wa Kiingereza yameandikwa tofauti, na utaratibu wao ni kwamba maneno tofauti yatafsiriwe tofauti.

Niliandika: ni moja. Nikafuta. Nikaandika: ni mawili. Nikafuta hiyo pia. Mwishowe nilimwomba aweke zile kofia za masikioni na asikilize dakika zote mbili bila kutazama picha, kisha aniambie yeye amesikia mangapi.

Bado sijajibiwa. Filamu imeshatoka, na imebaki na «boi».